Jiwe Lililokunywa Mvua

Nyuzi 43. Ndiyo namba iliyotokea kwenye kompyuta yangu saa nne usiku, chumbani kwetu Mkomani, feni ikizunguka kwa kusuasua na jirani akisikiliza kasida. Bahari ya Lamu, miaka 125,000 iliyopita: nyuzi 43. Nikapiga hesabu tena. Ikatoka ile ile. Maji ya kumwogeshea mtoto mchanga hayafiki hapo, sasa tumbawe lingeota vipi humo?

Ningekuwa na akili ningecheka nikalala. Badala yake nilikaa mpaka adhana ya alfajiri nikitafuta maneno ya kuitetea ile namba.

Nilikuwa namalizia shahada ya uzamili ya jiolojia. Vipande 14 nilivyovibeba kwa kikapu cha ukili kutoka Maweni, kisiwani Manda, vilikuwa vimetobolewa, unga wake ukatumwa maabara ya ng'ambo, na majibu yamerudi kwa barua pepe: safu mbili za namba, moja ya oksijeni, moja ya kaboni, zote zikiwa na alama ya kutoa mbele. Nilikuwa nimesubiri miezi 5. Mtu aliyesubiri kitu miezi 5 hakikagui kikifika. Hukipokea kwa mikono miwili.

Niseme kidogo nilikotoka, maana bila hilo kosa langu halitaeleweka lilivyokuwa la aibu. Baba yangu ni fundi mwashi. Babu alikuwa mchoma chokaa. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za mji wa Lamu, imetoka baharini karibu yote: kuta za mawe ya matumbawe, lipu ya chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe hayo hayo, dari ya boriti za mikoko. Mawe nilikuwa nayajua kabla sijajua kusoma. La msingi ni lile gumu, linalolia ukiligonga nyundo. La ukuta si lazima liwe gumu kiasi hicho. La kuchonga zidaka ni tumbawe laini linalotolewa majini likiwa bichi, likachongwa upesi kabla halijakauka na kugoma. Haya ni mambo ambayo mtoto yeyote wa fundi pale kwetu anayajua.

Basi siku niliyokwenda Maweni kuchukua sampuli, Baba naye alikuja kwa sababu alikuwa na shughuli na mtu wa mawe. Wachimbaji, wengi wao watu wa bara waliohamia Manda kwa kazi hiyo, walikuwa shimoni na mitaimbo na sururu, jua limewakalia kichwani. Mimi nilizunguka na nyundo yangu ya kijiolojia nikitafuta mawe mazuri. Na uzuri, kwa macho yangu ya siku ile, ulikuwa kung'aa. Jiwe nikilipasua likanionyesha vijichembe vinavyometameta kama sukari, nilifurahi: nikaona hili ni safi, halina udongo, halina mchanga.

Baba alinyoosha mkono, akachukua moja, akaligeuza, akaligonga kwa ukucha wa kidole gumba.

"Iwe hili limenwa mai," akasema. Ndiyo Kiamu chetu: jiwe hili limekunywa maji.

"Ni baya?"

"Baya wapi? Hili ndilo la msingi. Halivunjiki."

Nikalitia kikapuni. Nikaandika L-07 kwa kalamu ya wino mzito. Nilidhani amelisifu.

Sasa nieleze hiyo namba hupatikanaje. Oksijeni haina uzito mmoja. Ukichukua atomi 1,000 za oksijeni, karibu 998 ni nyepesi, zenye uzito wa 16, na kama 2 ni nzito, zenye uzito wa 18. Kaboni nayo ni hivyo hivyo: kati ya 1,000, karibu 989 ni za 12 na 11 ni za 13. Hizo ndizo zinazoitwa isotopu, ndugu wa baba mmoja wasiolingana kilo. Mnyama anapojenga gamba lake baharini huchukua oksijeni kutoka majini, na maji yakiwa baridi huingiza zile nzito zaidi kidogo. Yakiwa ya moto, chini kidogo. Tofauti ni ndogo mno, huandikwa kwa sehemu za elfu, na sehemu moja ya elfu ni kama nyuzi 4 au 5 za joto. Kwa hiyo jiwe la chokaa linaweza kuwa kipimajoto cha bahari iliyokwisha kukauka.

Aliyeliona hili kwa hesabu ni Harold Urey, mkemia wa Marekani ambaye tayari alikuwa na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1934 kwa kugundua hidrojeni nzito. Hesabu zake alizichapisha mwaka 1947. Mwaka 1951, yeye na wenzake wa Chicago wakatoa habari za belemniti, mnyama wa kale wa jamii ya ngisi, aliyepatikana katika mawe ya zama za Jurasiki kisiwani Skye, Uskoti. Walimchuna tabaka kwa tabaka kama kitunguu, kila tabaka wakalipima peke yake, wakasoma kwamba baada ya utoto wake aliishi majira 3 ya joto na 4 ya baridi, na alikufa wakati wa machipuko, umri wake kama miaka 4. Habari hiyo ndiyo iliyonitia katika fani hii. Ngisi! Huku kwetu ngisi huishia kwenye tui la nazi, hakuna anayemuuliza amekula chumvi kiasi gani.

Na mpaka leo namba zetu hutajwa kwa kulinganishwa na belemniti mwingine, wa miamba ya Pee Dee huko South Carolina. Huyo mwenyewe alikwisha zamani, alisagwa wote akamalizika. Tunatumia mawe mengine yaliyolinganishwa naye. Ni kama pishi ya mzee iliyovunjika lakini soko zima bado linauza kwa pishi ile.

Kazi ya mkono ni ndogo na ya kuchosha. Unashika drili kama ya daktari wa meno, unatoboa jiwe taratibu ili lisipate moto, unga mweupe unaanguka juu ya karatasi. Buibui langu lilikuwa likitoka pale kama la mwuza unga. Kiasi kinachotakiwa hakizidi ncha ya kijiti cha kiberiti. Unga ule hutiwa katika kichupa cha kioo, ukadondoshewa asidi ya fosforiki, ukatoa mapovu. Mapovu yale ni hewa ya kaboni dioksidi, na hewa ile huingia katika mashine inayotenga molekuli kwa uzito: za 44 huku, za 45 huku, za 46 kule. Mashine haidanganyi. Hilo nililisikia mara nyingi na ni kweli, na ndilo lililonipoteza.

L-07 ilitoa oksijeni −5.4, yaani nyepesi kuliko ya belemniti yule kwa sehemu 5.4 za elfu. Nikaichukua nikaitia katika kanuni ya kipimajoto niliyoikuta kitabuni, nikachukulia maji ya bahari ni sifuri, ikatoka nyuzi 43.

Asubuhi nilimpigia msimamizi wangu. Ni mama mpole, msema kidogo. Nilimweleza nadharia yangu niliyoijenga usiku kucha: labda ghuba ilikuwa imezibwa na mchanga, maji yakakaa kama birika juani, labda mvuke ulizidi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza swali moja.

"Mwanangu, ulilitazama jiwe kabla hujalitoboa?"

Nikamwambia ndiyo, nilitazama, lilikuwa zuri sana, linang'aa.

Kimya. Halafu akasema nipime tumbawe la juzi kwanza, halafu tuzungumze.

Nilipata kipande kilichotupwa na mawimbi upande wa Manda Toto, tumbawe lililokufa karibuni, jeupe, vitundu vyake vyote vimekaa kama vilivyoumbwa. Bahari niliyolitoa inajulikana joto lake, mtu akitia mguu anaijua. Majibu: oksijeni −4.6. Kanuni ile ile ikanipa nyuzi 39.

Nyuzi 39 kwa maji niliyoogelea juzi! Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekosea kabla hata sijafika kwenye jiwe la kale. Kanuni niliyoitumia ilitengenezwa kwa magamba ya wanyama kama chaza na wenzake, ambao hujenga kwa utaratibu na kukaribiana na maji waliyomo. Tumbawe si hivyo. Hujenga haraka, nalo lina tabia yake, huingiza oksijeni nyepesi kuliko inavyostahiki. Kila jamii ya tumbawe ina upungufu wake. Huwezi kulichukua likakwambia joto moja kwa moja. Inabidi ulilinganishe na lenyewe, mwaka huu na mwaka ule, na uwe na vipimo vya bahari vya miaka ya karibuni vya kulisahihishia. Hili limeandikwa katika kila kitabu cha somo. Nilikuwa nimelisoma. Nilikuwa hata nimelijibu katika mtihani.

Lakini hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa lilikuwa kwenye safu ya pili, ile ya kaboni, niliyokuwa sijaitazama kabisa kwa sababu sikuwa na haja nayo.

Tumbawe la Manda Toto lilikuwa na kaboni −1.2. L-07 lilikuwa na −8.3. Oksijeni zao hazikupishana hata kwa sehemu moja ya elfu, mtu angeweza kusema hawa ni mtu na nduguye. Kaboni zikasema hawa hata hawajuani. Nikachora grafu, kaboni huku, oksijeni huku, kila jiwe nukta yake. Nukta zikajipanga mshazari, moja nyuma ya nyingine, kama watu kwenye foleni ya maji, kutoka karibu na lile tumbawe bichi mpaka kwa L-07 pale mwisho. Nikafurahi tena, jamani. Mstari uliojinyoosha hivyo nikadhani ni habari ya hali ya hewa: bahari ikipata joto polepole. Mstari ulionyooka una ulevi wake.

Ilikuwa foleni ya mvua.

Ili kuelewa, tazama birika la kwenu. Sisi Lamu hunywa maji ya visima, na ukichemsha chai miaka miwili katika birika lile lile, ndani hushika ukoko mweupe, mgumu, mama huukwangua kwa kijiko. Ukoko ule ni jiwe. Mvua ilinyesha, ikapita kwenye udongo, huko ikakutana na hewa ya kaboni dioksidi inayotolewa na mizizi na majani yanayooza, ikawa na uchachu kidogo. Maji machachu yakala chokaa ya ardhini, yakaibeba, na yalipopata nafasi yakaitua tena. Birikani huitua kwa sababu ya moto. Ndani ya mwamba huitua hata bila moto, tundu kwa tundu, kwa masika na vuli nyingi.

Mwamba wa Manda ulikuwa mwamba hai wa baharini kama miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ya dunia ilikuwa juu kuliko leo kwa mita 6 mpaka 9. Kisha ikaja zama ya barafu. Maji mengi ya dunia yakagandia kaskazini na kusini, na bahari ikashuka, mwishowe ikafika mita 120 hivi chini ya ilipo sasa. Matumbawe ya Manda yakabaki juu, nchi kavu, yakaota miti. Masika laki moja yakapita juu yake. Tumbawe hujengwa kwa aragoniti, na aragoniti haivumilii maji ya mvua: huyeyuka, na mahali pake hukaa kalsiti. Kwa kemia vyote viwili ni kitu kimoja, kalisi na kaboni na oksijeni, ni mpangilio tu uliobadilika. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Tofauti ni kwamba mpishi wa pili hakutumia maji ya bahari. Alitumia ya mvua, yenye oksijeni nyepesi, na kaboni aliichota udongoni, kwa mimea, na mimea hupenda kaboni nyepesi: majani ya miti yako karibu na −25. Ndiyo maana L-07 likafika −8.3, na zile nyuzi 43 zikawa hazihusu bahari yoyote iliyowahi kuwako.

Na vile vijichembe vilivyometameta kama sukari? Ndiyo hiyo kalsiti yenyewe. Msimamizi alinilazimisha kukata mawe yote vipande vyembamba hadi vinapitisha mwanga, tukavitia chini ya hadubini. Katika L-07 umbo la tumbawe lilikuwapo, vyumba vyake vyote vinaonekana, lakini kuta za vyumba zilikuwa fuwele kubwa zenye uwazi, kama nyumba iliyojengwa upya kwa ramani ile ile na mawe mengine. Matatu tu, L-02, L-05 na L-11, yalikuwa na kiasi cha kuridhisha cha aragoniti ya asili, tukayathibitisha kwa eksrei. Hayo matatu ndiyo niliyotaka kuyaacha Maweni kwa sababu yalikuwa yamefifia na kufanya unga mkononi. Nilikuwa nimechagua mawe kama mtoto wa mwashi. Nilitaka mawe ya msingi. Na jiwe huwa la msingi kwa sababu mvua imelijaza matundu na kulikaza. Baba alinipa jibu lote pale shimoni, kwa maneno manne ya Kiamu, bure.

Kulikuwa na nukta moja ambayo sikuisema. L-14. Kaboni −21.3, oksijeni −15.8. Ilianguka mbali kabisa na foleni, chini pembeni, peke yake. Waliopima walituma ujumbe kuuliza kama nina uhakika na sampuli. Nikajibu kwamba bila shaka ni hitilafu ya kichupa, nikaifuta kwenye jedwali. Sikuona uzito wowote kuifuta. Namba mbaya hufutwa.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nimemwaga mabaki ya sampuli barazani nikiyapanga, Baba anakunywa kahawa. Akaokota kipande cha L-14, akakivunja kwa vidole, akakinusa.

"Hii si iwe," akasema. "Hii ni chokaa. Tena iliyochomwa vyema."

Nilikiokota Manda kwenye lundo la vifusi, nikidhani ni jiwe laini jeupe. Ilikuwa lipu ya ukuta wa zamani. Na hapo kila kitu kikaingia mahali pake, kwa sababu kazi ya babu nilikuwa naijua tangu mdogo. Kuni hupangwa duara, matumbawe yakawekwa juu, moto ukawashwa. Moto ukifika kama nyuzi 900 jiwe hutoa kaboni dioksidi yake yote, ikaondoka na moshi. Kinachobaki humwagiwa maji, kikachemka chenyewe na kufura, kikawa chokaa laini. Fundi akiipaka ukutani, huanza kuvuta hewa: kaboni dioksidi iliyopotea tanurini hurudi, lakini si ile ile, ni ya angani. Chokaa mbichi ina njaa, huvuta upesi upesi, na katika haraka hiyo zile molekuli nyepesi huwahi kuingia kuliko nzito. Hewa yenyewe iko kama −8. Ndani ya lipu hufika −20 na kushuka. Oksijeni nayo huporomoka vivyo hivyo.

Kwa hiyo ile namba niliyoifuta ndiyo iliyokuwa sahihi kuliko zote, na swali lake nilikuwa na majibu yake nyumbani. Nilimweleza Baba kwamba katika kile kipande mna hewa ya Lamu ya mwaka ule fundi alipopiga lipu. Aliona jambo la kawaida tu. "Wa ilikaukaje, kama haikuvuta hewa?" akasema, akaendelea na kahawa yake.

Tasnifu ilibidi niigeuze. Niliacha kuuliza bahari ilikuwa na joto gani, nikauliza mvua imelibadilisha jiwe kiasi gani na kwa mpangilio upi. Ilinichukua mwaka mzima wa ziada na karo ya ziada, na kuna watu nyumbani walioona ni uzembe. Sikuwalaumu sana.

Ukitaka kuona kazi hii ikifanywa vyema, huna haja ya kwenda mbali, teremka Malindi. Mwaka 2000, Julia Cole na wenzake walichapisha katika jarida la Science kumbukumbu ya miaka 194 ya joto la bahari, iliyosomwa kutoka tumbawe moja tu la Malindi. Walilitoboa likiwa majini, wakatoa kigogo kirefu chembamba kama cha mvinje, kina mistari ya mwaka kwa mwaka, wakapima oksijeni kwa mfuatano. Tumbawe lile halikupata kutoka baharini, halikunywa mvua. Na hawakuliuliza lina nyuzi ngapi. Waliuliza mwaka huu umepishana vipi na uliotangulia, tumbawe kwa tumbawe lenyewe, ile tabia yake ya kujipunguzia ikajifuta. Wakaona bahari yetu ikipata joto, na wakaona mawimbi yake ya miaka mingi yakifuatana na mambo ya Pasifiki, zile El Niño zinazotuletea mafuriko. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake wakasoma matumbawe ya Malindi kwa njia nyingine, wakipima bariamu, ambayo huja na udongo wa mto Sabaki. Ikaonekana kwamba mmomonyoko wa udongo bara ulizidi kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Kila mtu wa Malindi anayajua yale maji mekundu ya Sabaki yanayoingia baharini baada ya mvua. Tumbawe lilikuwa likiyaandika.

Nilipomaliza nilipata kazi ya miezi mitatu ya usaidizi katika maabara ya ng'ambo. Huko ndiko nilikotiwa mkononi unga wa mawe ya Shuram, ya Omani. Nilitabasamu. Babu yangu wa upande wa mama alikuwa baharia, akipeleka boriti Maskati, akiondoka na kusi na kurudi na kaskazi. Na mimi nimefika Omani kwa kichupa. Mawe yale yana umri wa miaka milioni 570 hivi, kabla ya wanyama wenye magamba, na kaboni yake inashuka mpaka karibu −12. Kwa jiwe la bahari hiyo ni namba ya kutisha. Bahari ya kawaida hukaa karibu na sifuri. Na mshuko kama huo umeonekana Australia, China na Marekani, katika mawe ya zama hizo hizo.

Wataalamu wamegombana juu yake miaka mingi. Upande mmoja unasema bahari yote ya dunia ilibadilika kweli, kaboni nyingi ya viumbe waliooza iliungua ikaingia majini. Upande wa pili unasema angalieni grafu: kaboni na oksijeni zinashuka pamoja, mshazari, foleni. Mawe hayo yamekunywa maji, ama ya mvua, ama ya chini sana ardhini yalipozikwa. Upande wa kwanza hujibu: mvua gani hiyo iliyonyesha kwenye mabara tofauti kwa mpangilio mmoja? Niliwasikiliza wakibishana wakati wa chai, watu wazima, wasomi, sauti zinapanda, nami nimeshika kikombe. Ulikuwa ni ugomvi wangu wa Maweni, umeongezewa sufuri tu. Mimi binafsi naelekea kwa wale wa bahari, kwa sababu ya hayo mabara, lakini kila nikiiona ile foleni tumbo hunikata.

Nikaulizwa siku moja, na kijana mwanafunzi pale maabara, kwa nini natumia saa nzima na hadubini kabla ya kuwasha drili, mashine ina foleni na kila sampuli ina bei. Nikamwambia nasubiri fundi. Hakuelewa, na Kiingereza changu hakikutosha kumweleza Baba.

Nilipokuja nyumbani Idi ile, mawe yangu hayakuwako tena barazani. Nikauliza. Baba alikuwa akitengeneza kipandio cha mlango wa nyuma kilichokuwa kimeliwa na chumvi, akaona mawe mazuri yamekaa bure. Matatu yale laini alikuwa ameyaweka kando ndani ya kopo la maziwa, kwa sababu, alisema, hayo hayafai kitu. Mengine yamo chini ya kipandio. L-07 liko pembeni, limetokeza kidogo, na tundu la drili linaonekana. Watoto wa kaka yangu hutia humo mbegu za tende.